Pumzi Yaeleza ya Tumboni
Haidrojeni, saa, na kikombe cha maziwa ya Mgeta

Tarafa ya Mgeta, katika Wilaya ya Mvomero, imelala upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru. Wengi huijua kwa kabichi, karoti, njegere na maharage yanayoshushwa kwa malori hadi masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Tangu miaka ya 1980 Mgeta imejulikana pia kwa mbuzi wa maziwa. Mbegu ya mbuzi hao ilitoka Norwei, nayo ilienezwa kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro. Sababu ya kuchagua mbuzi ni rahisi kuielewa. Mashamba ya Mgeta ni madogo na yako kwenye miteremko mikali, hata ng'ombe hapati mahali pa kuchungwa. Mbuzi hufugwa bandani na kukatiwa majani. Kwa njia hiyo maziwa yaliingia katika nyumba za wakulima ambao jadi yao si ya ufugaji.

Hapo ndipo linapozuka swali la kisayansi. Mtu mzima akinywa maziwa, kisha tumbo likamvimba, likanguruma na kumharisha, kosa ni la nani? Je, ni la maziwa, la utumbo wake, au la bakteria waishio ndani yake? Jibu halifai kubahatishwa. Kosa likiwekwa mahali pasipo pake, mtoto aweza kunyimwa chakula anachokihitaji, au mgonjwa akapewa dawa isiyomfaa. Makala haya yanakusudia kueleza kipimo kimoja kinachosaidia kulijibu swali hilo bila kisu wala sindano, yaani kipimo cha haidrojeni katika pumzi. Tutaonyesha pia kwa nini kipimo hicho chahitaji kusomwa kwa uangalifu.

Nani hula kwanza?

Tuanze na mbuzi mwenyewe. Tumbo lake lina vyumba vinne. Chumba cha kwanza, ambacho ni kikubwa kuliko vingine vyote, ni kama pipa la kuchachulia. Majani anayoyala hukutana kwanza na bakteria na vijidudu wengine walio humo. Hao huvunja selulosi, ambayo mbuzi hana kimeng'enya cha kuivunja. Katika kazi hiyo hutengeneza asidi zinazompa mbuzi nguvu, pamoja na gesi ambayo huitoa kinywani. Baadaye bakteria wenyewe husukumwa hadi vyumba vinavyofuata na kumeng'enywa. Mpangaji hula kwanza, kisha mwenye nyumba humla mpangaji.

Lakini mwana-mbuzi anayenyonya hafuati njia hiyo. Anaponyonya, mfereji ulio ukingoni mwa chumba cha kwanza hujikunja ukawa kama mrija, na maziwa hupita moja kwa moja hadi chumba cha nne, penye asidi na vimeng'enya. Maumbile yamehakikisha kwamba maziwa hayawafikii bakteria kwanza, kwa sababu maziwa ni chakula ambacho mnyama aweza kukimeng'enya mwenyewe. Kukipitisha kwa bakteria ni hasara.

Binadamu ameumbwa kwa utaratibu huo wa pili. Chakula chake huanza kwa kupita katika asidi ya tumbo, ambayo huua bakteria wengi. Kisha huingia katika utumbo mwembamba, wenye urefu wa takriban mita 6, ambamo vimeng'enya hukivunja na kuta hukifyonza. Mabaki tu ndiyo yanayofika katika utumbo mpana, wenye urefu wa kama mita moja na nusu, ambao ndio makao ya bakteria. Tofauti ya wingi wao ni kubwa mno. Kwa kawaida, mililita moja ya majimaji ya sehemu ya juu ya utumbo mwembamba huwa na bakteria wasiofika 1,000, ilhali gramu moja ya yaliyomo katika utumbo mpana yaweza kuwa na bakteria 100,000,000,000.

Mpaka huo hulindwa na walinzi kadhaa. Wa kwanza ni asidi ya tumbo. Wa pili ni nyongo. Wa tatu ni mawimbi ya misuli yanayoufagia utumbo mwembamba mtu anapokuwa hajala, kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi. Wa nne ni kilango kilichopo mahali utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana. Walinzi hao wakidhoofika, bakteria huongezeka katika utumbo mwembamba. Hali hiyo hutokea, kwa mfano, kisukari cha muda mrefu kinapoharibu neva za utumbo. Utumbo unapokuwa mwembamba mahali fulani kwa sababu ya kovu, kama lile la kifua kikuu cha utumbo. Au upasuaji unapoacha kipande cha utumbo ambacho chakula hukwama ndani yake.

Madhara yake yanafuata mantiki ile ile ya nani hula kwanza. Bakteria huichukua vitamini B12 kabla mwili haujaifyonza, na mgonjwa aweza kupungukiwa damu. Huziharibu chumvi za nyongo zinazosaidia kufyonza mafuta, na pamoja na mafuta hupotea vitamini A, D na E. Huchachua sukari mahali pasipostahili, na gesi hujaa. Mgonjwa hukonda ingawa anakula.

Gesi isiyotengenezwa na mwili wetu

Ugumu ni kwamba utumbo mwembamba haufikiki kwa urahisi. Njia ya moja kwa moja ni kupitisha mrija kinywani hadi ndani, kunyonya majimaji, na kuotesha bakteria katika maabara. Ni kazi ya hospitali kubwa, na mgonjwa huiona kuwa taabu. Wanasayansi walitafuta ishara ambayo bakteria wenyewe huituma nje, wakaipata katika kemia ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuifuata.

Bakteria waishio mahali pasipo na oksijeni wanapochachua glukosi, mmenyuko mmojawapo ni huu:

C6H12O6 + 2H2O → 2CH3COOH + 2CO2 + 4H2

Katika upande wa kulia tunaona asidi ya asetiki, kabonidioksidi na haidrojeni. Kabonidioksidi haitufai kuwa ishara, kwani kila seli ya mwili wetu huitengeneza. Haidrojeni ni jambo jingine. Hakuna seli hata moja ya binadamu inayotengeneza gesi ya haidrojeni, na hewa tunayoivuta ina kiasi kidogo sana, kama nusu ya sehemu moja kwa milioni. Kwa hiyo haidrojeni inayozidi hapo katika pumzi ina asili moja tu, nayo ni bakteria waliokutana na sukari. Sehemu ya gesi hiyo hupenya ukuta wa utumbo, huchukuliwa na damu hadi mapafuni, na hutoka kwa pumzi. Michael Levitt wa Minneapolis, Marekani, alieleza jambo hilo kwa vipimo vya makini mwaka 1969. Mwaka 1976 G. Metz na wenzake huko London walilitumia kuwatafuta bakteria waliozidi katika utumbo mwembamba.

Kiasi kinachopimwa ni kidogo mno. Sehemu moja kwa milioni ni kama shilingi moja katika shilingi milioni moja. Pumzi ya nusu lita, yaani mililita 500, ikiwa na haidrojeni sehemu 20 kwa milioni, ina mililita 500 × 20 ÷ 1,000,000, yaani mililita 0.01 tu za gesi hiyo. Mwanzoni kazi hiyo ilihitaji mashine kubwa ya kutenganisha gesi. Baadaye vilitengenezwa vyombo vidogo vinavyobebeka, ambavyo haidrojeni ikiingia huzalisha mkondo wa umeme unaolingana na kiasi chake.

Sukari tatu, maswali matatu

Siri ya kipimo hiki ni kuchagua sukari na kuangalia saa. Kila sukari huuliza swali lake.

Glukosi huuliza: je, kuna bakteria wengi sehemu za juu? Sukari hii haihitaji kumeng'enywa. Kwa kawaida hufyonzwa yote katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, wala haifiki katika utumbo mpana. Mtu aliyekunywa gramu 75 za glukosi katika glasi ya maji hapaswi kuongeza haidrojeni. Ikiongezeka, bakteria wameikuta sukari njiani kabla ya kufyonzwa.

Laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa, huuliza: je, kimeng'enya cha laktasi kipo? Laktosi haiwezi kufyonzwa mpaka laktasi iivunje kuwa glukosi na galaktosi. Kimeng'enya kikiwa kichache, laktosi huendelea na safari hadi utumbo mpana, na huko bakteria huipokea.

Laktulosi huuliza: safari hadi utumbo mpana huchukua muda gani? Sukari hii hutengenezwa viwandani, na binadamu hana kimeng'enya cha kuivunja. Lazima ifike kwa bakteria. Kinachotazamwa ni saa ya kufika kwake.

Upimaji wenyewe huenda hivi. Siku iliyotangulia mtu huepuka maharage, matunda na vyakula vyenye makapi. Wali mweupe hufaa, maana wanga wa mchele hufyonzwa karibu wote. Kwa hilo mchele wa Kilombero una faida hata katika maabara. Usiku hafuturu wala hali chochote kwa muda wa saa 8 hadi 12. Asubuhi husukutua kinywa, maana kinywani pia mna bakteria. Havuti sigara, kwa sababu moshi wake una haidrojeni. Hupuliza pumzi ya kwanza, hunywa sukari, kisha hupuliza tena kila baada ya dakika 15 au 20 kwa muda wa saa mbili au tatu. Matokeo huchorwa katika grafu. Kwa mujibu wa makubaliano ya wataalamu wa Amerika Kaskazini ya mwaka 2017, kupanda kwa haidrojeni kwa sehemu 20 au zaidi kwa milioni juu ya kiwango cha mwanzo, ndani ya dakika 90, huhesabiwa kuwa dalili ya bakteria kuzidi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu wa kwanza hunywa glukosi, na haidrojeni yake hutoka 5 hadi 7 tu. Siku nyingine hunywa laktosi. Baada ya dakika 120 haidrojeni hufika 48. Bakteria wake wako mahali pao, ila laktasi yake ni haba. Mtu wa pili hunywa glukosi, na katika dakika ya 45 haidrojeni yake hutoka 6 hadi 41. Huyu ana sababu ya kushukiwa kuwa bakteria wamepanda juu. Kama wote wawili wangepimwa kwa laktosi peke yake, huenda grafu zao zingefanana, na tiba ya mmoja ikapewa mwingine.

Maziwa na urithi

Kuwa na laktasi haba ukubwani si ugonjwa. Watoto wachanga wa makabila yote huzaliwa na laktasi, nayo hupungua baada ya utoto kwa walio wengi duniani, kama ilivyo kwa wanyama wote wanyonyeshao. Afrika Mashariki ina nafasi ya heshima katika historia ya ugunduzi huo. Mwaka 1966 G. C. Cook na S. K. Kajubi walichapisha utafiti uliofanywa Uganda, wakaonyesha kwamba upungufu wa laktasi ulikuwa wa kawaida miongoni mwa Waganda, ambao ni wakulima wa migomba, lakini haba miongoni mwa Wahima, ambao ni wafugaji. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwamo watafiti wa Tanzania, walichapisha matokeo ya kupima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Watu hao walipewa gramu 50 za laktosi, kisha kiasi cha sukari katika damu yao kikapimwa. Ilibainika kwamba wafugaji wa kwetu wana badiliko la jeni linaloifanya laktasi idumu ukubwani, nalo ni tofauti na lile la Wazungu. Badiliko hilo lilizuka hapa hapa na kuenea katika miaka elfu chache iliyopita, pamoja na ufugaji wa ng'ombe.

Kwa hoja hiyo tungetarajia kwamba wakulima wengi wa milimani, kama Waluguru, wana laktasi haba wakiwa watu wazima. Je, basi mbuzi wa Mgeta walikuwa kosa? La hasha. Hesabu yatuondolea hofu. Maziwa ya mbuzi yana gramu 4 hadi 5 za laktosi katika kila mililita 100. Kikombe cha mililita 250 kina kama gramu 11. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba watu wengi wenye laktasi haba huvumilia gramu 12 kwa mara moja bila taabu, au kwa taabu ndogo. Maziwa yakigandishwa kuwa mtindi, bakteria hula sehemu ya laktosi nje ya mwili, na mnywaji hupata nafuu zaidi. Hata laktosi inayofika katika utumbo mpana haipotei yote, kwa sababu asidi ya asetiki inayotokana nayo hufyonzwa na kuupa mwili nguvu. Grafu iliyopanda haitoshi kumkataza mtu maziwa.

Kwa mtoto tahadhari ni kubwa zaidi. Kuhara huweza kuzijeruhi kuta za utumbo na kupunguza laktasi kwa siku kadhaa, kisha hali hurudi. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya mbuzi, wala mtoto anayehara hapaswi kuachishwa kunyonya kwa sababu hiyo. Wakati huo huo, maziwa ya mbuzi hayafai kuwa chakula pekee cha mtoto mchanga, kwani yana upungufu wa foleti. Na yanayonywewa na mtu yeyote yachemshwe kwanza.

Pale saa inapodanganya

Haidrojeni yasema kweli kwamba sukari imekutana na bakteria. Haisemi imekutana nao wapi. Mahali hukisiwa kwa saa, na saa yaweza kudanganya. Kuna watu ambao chakula chao hufika katika utumbo mpana kwa dakika chache kuliko ilivyo kawaida. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada waliwapa wagonjwa laktulosi pamoja na alama ya mionzi hafifu, ili waone kwa macho safari yake. Kwa wengi wao, haidrojeni ilipoanza kupanda, alama ilikuwa imekwisha kufika katika utumbo mpana. Ilikuwa ni utumbo mwepesi, si bakteria waliohama.

Kosa laweza kuwa la upande wa pili pia. Wapo watu ambao utumbo wao una vijidudu vinavyogeuza haidrojeni kuwa methani:

4H2 + CO2 → CH4 + 2H2O

Msomaji ahesabu molekuli za gesi: tano zimekuwa moja. Mtu wa namna hiyo aweza kuonekana hana haidrojeni kabisa, kumbe imeliwa. Ndiyo maana vyombo vya siku hizi hupima methani pia, na sehemu 10 kwa milioni au zaidi huhesabiwa kuwa nyingi. Ni methani ile ile ambayo mbuzi huitoa kinywani.

Funzo kutoka Haydom

Umuhimu wa jambo hili wapita tumbo la mtu mmoja. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aweza kudumaa ingawa chakula kipo, kama utumbo wake umechoshwa na vijidudu vya mazingira machafu. Huko Dhaka, Bangladesh, watafiti waliwapima kwa glukosi na pumzi watoto 90 wa umri wa miaka miwili, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba 15 kati yao walikuwa na dalili ya bakteria kuzidi; dalili hiyo ilihusiana na kudumaa na uchafu wa mazingira.

Kwa haraka mtu angesema: basi tuwape watoto dawa za kuua bakteria. Jibu lilitoka hapa Tanzania. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watoto zaidi ya 1,100 waliingizwa katika jaribio lililoanza mwaka 2017. Baadhi walipewa dawa za kuua vijidudu katika miezi maalumu, wengine hawakupewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba, walipofika umri wa miezi 18, waliopewa dawa hawakuwazidi wenzao kwa kimo. Dawa haikuziba pengo. Kwa hiyo kipimo cha pumzi kisigeuzwe kuwa kisingizio cha kugawa antibiotiki kwa kila tumbo linalonguruma. Matumizi ya namna hiyo huzalisha bakteria sugu.

Jaribio la darasani

Shule nyingi hazina chombo cha kupima haidrojeni, lakini kanuni yaweza kuonyeshwa kwa hamira na maputo. Chukua chupa tatu zinazolingana. Tia maji ya uvuguvugu na kijiko cha sukari katika ya kwanza, maziwa ya uvuguvugu katika ya pili, na maji matupu katika ya tatu. Ongeza kijiko kimoja cha hamira katika kila chupa, vika puto mdomoni, na andika hali yake kila baada ya dakika 15 kwa muda wa saa mbili.

Puto la sukari litajaa. La maziwa halitajaa, au litajaa kidogo sana, ingawa maziwa nayo yana sukari. Hamira ya mikate haina kimeng'enya cha kuvunja laktosi. Gesi hapa ni kabonidioksidi, wala si haidrojeni, na mwalimu alitaje hilo wazi. Kisha wanafunzi wajadili maswali haya: Chupa ya tatu ina kazi gani? Ingekuwaje kama tungetazama maputo mara moja tu, baada ya saa mbili? Na je, kujaa kwa puto kwatuambia hamira iko sehemu gani ya chupa?

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mganga anayeshika grafu ya pumzi ana gesi na saa mkononi. Mahali lazima apatafute kwa kuunganisha hayo na historia ya mgonjwa, chakula chake na damu yake. Mwanafunzi akizoea mapema kutofautisha kilichopimwa na kilichokisiwa, atakuwa amejiandaa vema, na kikombe cha maziwa hakitaondolewa mezani Mgeta kwa sababu ya grafu iliyosomwa nusu.